Namna ya Kukadiria Msukumo wa Injini ya Jeti Ikiwa Imefungwa Kwenye Ndege

Katika mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, mnunuzi wa dagaa hatoi fedha kabla ya kukubaliana na muuzaji juu ya mambo mawili: bei ya gunia, na nani kati yao atakayelipa ushuru. Jambo la pili lisiposemwa, ama kila mmoja humtegea mwenzake na mzigo ukazuiliwa, ama wote wawili hulipa na faida ya safari nzima ikaishia hapo. Hesabu ya msukumo wa injini ya ndege ina tabia hiyohiyo. Tarakimu anayoiandika mtengenezaji wa injini ni bei ya gunia tu. Kati yake na msukumo unaoisogeza ndege angani kuna makato kadhaa, na kila kato ni lazima liandikwe katika daftari moja, lisirudiwe katika daftari la pili, wala lisiachwe bila kuandikwa popote.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuifanya hesabu hiyo kwa karatasi na kikokotoo cha kawaida. Nimemkusudia msomaji aliyemaliza fizikia ya kidato cha sita, au anayesoma stashahada ya ufundi, ambaye kanuni za Newton hazimpigi chenga. Ndege ambazo wakazi wa Kigoma wamezizoea ni za pangaboi, lakini mfano wetu utakuwa ndege ya abiria ya injini mbili za jeti, yenye tungamo la kilo 60,000, ikiwa katika mita 11,000 kwa namba ya Mach 0.78, yaani mara 0.78 ya mwendo wa sauti. Tarakimu za injini yenyewe nimezipanga ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Zinakaribiana na za ndege zenye ujia mmoja wa katikati, ila si za injini yoyote mahususi.

Nitatumia maneno machache kwa maana moja tangu mwanzo hadi mwisho. Msukumo ghafi ni kani yote inayotokana na hewa na moshi vinavyotoka nyuma ya injini. Msukumo halisi ni msukumo ghafi ukishatolewa gharama ya kuimeza hewa. Msukumo wa benchi ni ule unaopimwa injini ikiwa peke yake katika chumba cha majaribio, na msukumo wa bawani ni ule unaobaki injini ikishafungwa kwenye ndege na kuanza kuihudumia. Ukinzani, bila nyongeza, ni ukinzani wa hewa dhidi ya kitu chochote cha ndege.

Chora mpaka kwanza

Chora injini ikining'inia chini ya bawa, kisha tia alama nne. Namba 0 iwe mbali mbele, mahali ambapo hewa haijapata habari kwamba ndege inakuja. Namba 1 iwe kwenye mdomo wa naseli, yaani ganda linaloifunika injini. Namba 2 iwe usoni mwa feni, na namba 9 mwishoni mwa nozeli, yaani mdomo wa nyuma unaotoa hewa na moshi. Sasa chora mrija wa hewa itakayomezwa: unaanzia 0, unaingia mdomoni, unapita ndani ya injini na kutokea 9. Kani zinazotokana na hewa ya ndani ya mrija huo zitaandikwa katika daftari la msukumo. Zinazotokana na hewa inayopita nje yake zitaandikwa katika daftari la ukinzani wa ndege.

Mpaka huo una sehemu moja yenye usumbufu, nayo ni kipande cha kutoka 0 hadi 1, kwa sababu hapo mrija hauna ukuta wa bati. Ni hewa inayopakana na hewa. Tutakirudia kipande hicho, kwa kuwa ndicho kinachowagombanisha watu wa injini na watu wa bodi la ndege.

Ili kumaliza ubishi kabla haujaanza, ongeza kanuni ya pili: kani yoyote inayobadilika rubani anaposogeza wenzo wa nguvu ni ya daftari la msukumo, na kani inayotegemea mwendo na mkao wa ndege peke yake ni ya daftari la ukinzani. Si sheria ya maumbile. Ni makubaliano, kama yale ya ushuru. Hata hivyo ni makubaliano mazuri kuliko mengine niliyoyaona, kwa sababu humwezesha mhandisi wa bodi kutoa jedwali moja la ukinzani lisilobadilika kila injini inapoongezwa au kupunguzwa nguvu.

Anayedhani kwamba mpaka ni jambo la urembo aitazame Concorde, ndege ya abiria iliyoruka kwa mwendo wa kuzidi sauti. Kwa ndege hiyo ikiwa Mach 2, mgawanyo unaotajwa mara nyingi ni kwamba njia ya kuingizia hewa ilichangia kiasi cha asilimia 63 ya msukumo, nozeli asilimia 29, na injini yenyewe asilimia 8. Haina maana kwamba injini ilikuwa mzigo. Maana yake ni kwamba kanieneo kubwa ya hewa ilikuwa ikisukuma kuta za mlango wa hewa na kuta za nozeli, na aliyechora mpaka wake kuzunguka mashine peke yake aliiona asilimia 8 tu, ilhali bila mashine ile kuta zile zisingetoa msukumo huo.

Kokotoa msukumo halisi

Katika angahewa sanifu, kwenye mita 11,000, jotoridi ni nyuzi 56.5 chini ya sifuri, kanieneo ni kilopaskali 22.6, densiti ya hewa ni kilo 0.364 kwa mita ya ujazo, na sauti husafiri kwa mita 295 kwa sekunde. Mach 0.78 basi ni mita 230 kwa sekunde. Tuchukue kwamba injini yetu humeza kilo 150 za hewa kila sekunde, na kwamba kasi ya kutokea nyuma ni mita 350 kwa sekunde, tukiwa tumekwishaijumlishia ile kani ndogo ya kanieneo inayobaki kwenye nozeli. Tungamo la mafuta tunaliacha kwa sasa, maana ni dogo sana mbele ya tungamo la hewa.

Msukumo ghafi ni 150 mara 350, yaani kilonyutoni 52.5. Gharama ya kuimeza hewa ni 150 mara 230, yaani kilonyutoni 34.5. Msukumo halisi ni tofauti yake: kilonyutoni 18.0.

Wanafunzi wengi huikubali tofauti hiyo kwa mdomo bila kuielewa. Huuliza, kwa haki kabisa, inawezekanaje hewa inayoingia mbele iwe ukinzani, na hali injini inaifyonza yenyewe? Jibu nililipata ndani ya mtumbwi wa injini. Tulikuwa tunatoka Kibirizi kuelekea kaskazini kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole, kama mita 3 kwa sekunde, nami nikatumbukiza ndoo ya lita 10 ubavuni ili nichote maji ya kunawa.

"Mwalimu, hapana!" nahodha alinipigia kelele. "Geuza mdomo wa ndoo kinyume cha mwendo, hiyo itakung'oa bega."

"Nimeshaiona, mzee wangu," nilimjibu, mkono ukiwa umenyooka kuelekea tezi na ukingo wa mtumbwi ukiwa umenibana kwapani.

Maji ya ziwa yalikuwa yametulia. Ili yaingie mtumbwini ilikuwa lazima yapate mwendo wa mtumbwi, na aliyeyapa mwendo huo alikuwa bega langu. Kilo 10 kwa mita 3 kwa sekunde ni momenta ya nyutoni-sekunde 30. Ndoo ikijaa kwa nusu sekunde, kani ya wastani ni nyutoni 60, sawa na kushika mzigo wa kilo 6 kwa mkono ulionyooka. Injini yetu huchota kilo 150 kila sekunde, nayo inakwenda mita 230 kwa sekunde. Hapo kilonyutoni 34.5 hazishangazi tena.

Kabla ya kuendelea, tazama uwiano wa tarakimu hizi tatu, kwa kuwa ndio unaoifanya kazi hii iwe ya watu makini. Msukumo halisi ni mabaki ya kutoa namba mbili kubwa. Ukikosea msukumo ghafi kwa asilimia 1, umekosea kilonyutoni 0.525, na hiyo ni asilimia 2.9 ya msukumo halisi. Kosa limekuzwa karibu mara tatu bila wewe kuongeza uzembe wowote. Kwa hiyo usikadirie makato yanayofuata kwa jicho ukidhani ni madogo mno. Katika hesabu hii nusu asilimia ya huku hugeuka asilimia moja na nusu ya kule.

Toa makato ya kutoka benchi hadi bawani

Injini ikiwa benchini hutunzwa kama bwana harusi. Hufungiwa mdomo mpana uliopinda kama kengele, ambao huingiza hewa karibu bila hasara yoyote. Haichotwi hewa kwa ajili ya abiria. Hakuna jenereta ya kuzungusha isipokuwa iliyo ya lazima. Hata hivyo vipimo vya chumbani navyo husahihishwa, kwa sababu hewa inayotembea ndani ya chumba huigusa injini na jukwaa lake na kuyarudisha nyuma kidogo, hivyo mizani huonyesha pungufu ya msukumo wa kweli.

Ikifungwa bawani, kato la kwanza ni hasara ya kanieneo jumla, yaani kanieneo ya hewa pamoja na ile inayotokana na mwendo wake, kati ya 1 na 2. Mlango mfupi wa ndege ya abiria huifikishia feni zaidi ya asilimia 99 ya kanieneo jumla ya hewa ya nje, na kilichobaki hupotea kwa msuguano wa kuta. Hasara hiyo huuma mara mbili: hewa ikiwa na kanieneo pungufu, tungamo linalopita hupungua kwa kadiri ileile, na tena kanieneo ya nozeli hushuka na kasi ya kutokea hushuka nayo. Ndiyo maana asilimia 1 ya hasara mlangoni hula zaidi ya asilimia 1 ya msukumo halisi. Katika mfano wetu tuchukue hasara ya asilimia 0.8 na kizidisho cha 1.3, kato ni asilimia 1.04 ya 18.0, yaani kilonyutoni 0.19.

Kato hili ndilo lililoamua sura ya ndege tunazozijua. De Havilland Comet, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 27 Julai 1949, ilifichwa injini zake ndani ya shina la bawa, ukinzani wa nje ukawa mdogo, lakini hewa ilipitishwa katika njia ndefu zaidi ndani ya bawa na fundi alipata tabu kuifikia mashine. Boeing B-47, iliyoruka Desemba 1947, ilizining'iniza injini zake nje ya bawa. Ndege za abiria zilizofuata ziliiga mtindo wa pili, nami naona zilichagua vyema, ingawa kwa macho tu Comet ilikuwa nzuri zaidi.

Kato la pili ni huduma. Hewa ya kupumua ya abiria na ya kuyeyusha barafu kwenye ukingo wa bawa huchotwa kutoka kompresa, ikiwa imekwishagharimiwa nishati ya kubanwa, na haipiti tena katika nozeli. Jenereta na pampu za haidroliki nazo huzungushwa na mhimili wa injini. Boeing 787 haichoti hewa ya abiria kutoka kwenye injini, bali huibana kwa kompresa za umeme. Usidanganyike kwamba kato limefutika, kwani kila injini ya ndege hiyo hubeba jenereta mbili za kilovolti-ampea 250 kila moja, na nguvu yake inatoka palepale. Kwa mfano wetu tutaweka asilimia 1.5 kwa huduma zote, yaani kilonyutoni 0.27.

Kokotoa hewa inayokataliwa mdomoni

Sasa turudi kwenye kipande kisicho na ukuta. Eneo la mrija pale namba 0 hupatikana kwa kugawa mtiririko kwa densiti mara mwendo: 150 gawanya kwa 0.364 mara 230, jibu ni mita za mraba 1.79. Mdomo wa naseli yetu una mita za mraba 2.3. Uwiano ni 0.78, maana yake injini inahitaji hewa pungufu ya ile inayoukabili mdomo wake, na iliyozidi inageuzwa kando na kumwagika juu ya ukingo. Mrija wenyewe hupanuka unapokaribia mdomo, hewa yake hupungua mwendo na kanieneo yake hupanda.

Kanieneo hiyo iliyopanda inausukuma mrija kuelekea nyuma, na kani yake huitwa ukinzani wa kabla ya mdomo. Unaweza kuikokotoa kwa momenta. Kwa uwiano wa 0.78, hewa hufika mdomoni ikiwa na Mach 0.5 hivi, yaani mita 152 kwa sekunde, na kanieneo ya kilopaskali 28.5. Ziada ya kanieneo ni 5.9, ukiizidisha kwa eneo la 2.3 unapata kilonyutoni 13.6. Momenta iliyopotea kwa hewa kupunguza mwendo ni 150 mara 78, yaani kilonyutoni 11.7. Tofauti yake ni 1.9. Hiyo ni zaidi ya asilimia 10 ya msukumo halisi, na mwanafunzi anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani amekosea.

Hajakosea, ila hesabu haijaisha. Hewa inayomwagika hulazimika kuuzunguka ukingo wa mdomo kwa kasi, kanieneo yake huanguka, na ukingo uliotengenezwa kwa uviringo mnene hufyonzwa kuelekea mbele. Mvuto huo wa ukingo hulipa sehemu kubwa ya deni. Tukichukua kwamba unarudisha 1.8 kati ya 1.9, kinachobaki ni kilonyutoni 0.1, na hicho ndicho ukinzani wa kumwagika. Kwa kuwa hubadilika rubani anapopunguza nguvu, kwa kanuni yetu ya pili tunauandika katika daftari la msukumo. Ndege ya mwendo wa kuzidi sauti haiwezi kuwa na ukingo mnene, kwa sababu ukingo huo ungezaa wimbi kali la mshtuko mbele yake. Ukingo wake ni mwembamba kama makali ya kisu, mvuto wake ni mdogo, na kwa hiyo deni la kumwagika hulipwa karibu lote taslimu.

Kadiria ukinzani wa naseli

Kanieneo ya mwendo ni nusu ya densiti mara mraba wa mwendo: kwa mfano wetu ni paskali 9,630. Naseli yenye kipenyo cha mita 2.2 na urefu wa mita 3.5 ina uso wa nje wa mita za mraba 24.2. Kwa ukubwa huo na mwendo huo, kizidisho cha msuguano wa hewa yenye misukosuko ni 0.0026, ongeza asilimia 30 kwa ajili ya umbo, upate 0.0034. Zidisha vyote vitatu: kilonyutoni 0.79 kwa kila naseli.

Kani hii haitegemei wenzo wa nguvu, basi ni ya daftari la ukinzani wa ndege. Kuna ubaguzi mmoja. Hewa ya feni ikishatoka hupita kwa kasi juu ya ganda la ndani la injini na juu ya pailoni, yaani mkono unaoishikilia injini bawani. Msuguano wake hubadilika na nguvu ya injini, kwa hiyo ni wa daftari la msukumo, na kwa kawaida huwa umekwishahesabiwa ndani ya ufanisi wa nozeli. Tazama kama mtengenezaji ameuhesabu kabla ya kuutoa tena.

Mahali naseli ilipokaa nako kuna gharama, kwa sababu hewa inayobanwa kati ya naseli na bawa huongeza mwendo na huweza kuzaa mshtuko. Boeing 737 iliundwa kwa injini nyembamba zilizokaa chini kabisa ya bawa. Ilipofungiwa CFM56 yenye feni pana katika miaka ya 1980, injini ilisogezwa mbele, na tumbo la naseli likabanwa kwa chini ili lisikaribie mno ardhi. Umbo lile la mdomo, linalofanana na mtu aliyenuna, ni alama ya hesabu iliyolazimishwa na urefu wa miguu ya ndege.

Sawazisha madaftari mawili

Daftari la msukumo kwa injini moja: 18.00, toa 0.19 ya mlango, toa 0.27 ya huduma, toa 0.10 ya kumwagika. Msukumo wa bawani ni kilonyutoni 17.44, na kwa injini mbili 34.88.

Daftari la ukinzani: ndege ya kilo 60,000 ina uzito wa kilonyutoni 588.6. Ikiwa uwiano wa kani ya kuinua na ukinzani ni 17, na naseli zote mbili zimo ndani ya uwiano huo, ukinzani ni 34.62. Ziada ni kilonyutoni 0.26. Zidisha ziada kwa mwendo, gawanya kwa uzito, utapata uwezo wa kupanda wa mita 0.1 kwa sekunde, kama mita 6 kwa dakika. Ndege iko karibu na dari yake. Inajimudu, haina cha kujivunia.

Sasa uharibu makusudi. Watu wa injini wakitoa 0.79 kwa kila naseli, na watu wa bodi nao wameihesabu, msukumo unabaki 33.30, upungufu ni 1.32, na karatasi inasema ndege inashuka mita 31 kwa dakika. Kila upande ukimwachia mwenzake, ukinzani unakuwa 33.04, ziada inakuwa 1.84, na karatasi inasema ndege inapanda mita 43 kwa dakika. Ndege ni ileile, na hakuna aliyekosea kuzidisha wala kugawanya. Niliwahi kulifanya kosa la kwanza, nikashinda siku mbili nikiutafuta upungufu ndani ya injini, nikipekua jedwali moja baada ya jingine, na kumbe naseli ilikuwa imeandikwa pia katika ukurasa wa ukinzani kwa mwandiko wangu mwenyewe. Tangu hapo huandika jina la daftari pembeni ya kila kani kabla sijaandika thamani yake.

Rudia hesabu kwa ajili ya kuruka kutoka Kigoma

Uwanja wa ndege wa Kigoma uko kama mita 820 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho kanieneo sanifu ni kilopaskali 91.8, na siku ya nyuzi 30 densiti ya hewa hushuka hadi kilo 1.055 kwa mita ya ujazo, ikilinganishwa na 1.225 ya usawa wa bahari siku ya nyuzi 15. Pungufu ni karibu asilimia 14. Usikimbilie kukata asilimia 14 ya msukumo ulioandikwa kwenye karatasi ya injini, kwa sababu injini nyingi za abiria hubanwa na kompyuta yake zisivuke msukumo uliowekwa hadi jotoridi fulani lifikiwe, na baada ya hapo ndipo joto huanza kukata. Tumia jedwali la mtengenezaji kwa kimo na joto hilo; ukikosa jedwali, anza na mtiririko wa hewa.

Tuseme injini yetu siku hiyo humeza kilo 350 kwa sekunde na kuzitoa kwa mita 260 kwa sekunde. Breki zikiwa zimeshikwa, hewa inayomezwa haina gharama ya mwendo, na msukumo ghafi ndio msukumo halisi: kilonyutoni 91. Ndege ikifikia mita 75 kwa sekunde, gharama ya kumeza imekuwa 26, na kinachobaki ni kama 65. Kwa kweli hubaki juu kidogo ya hapo, kwa kuwa mwendo huishindilia hewa mdomoni na mtiririko huongezeka, lakini anayekokotoa urefu wa njia ya kurukia kwa kutumia 91 mwanzo hadi mwisho atajikuta, kwenye karatasi, ameiacha ardhi mapema mno.

Mdomo nao hugeuka tabia. Kwa mita 75 kwa sekunde, eneo la mrija pale namba 0 ni mita za mraba 4.4, karibu mara mbili ya eneo la mdomo. Hakuna hewa inayomwagika. Injini inavuta kutoka ubavuni, na hewa inapinda kuuzunguka ukingo kuelekea ndani. Hapo uviringo wa ukingo hufanya kazi ya upande wa pili, na upepo mkali wa kutoka pembeni huweza kuibandua hewa kwenye ukingo wa upande unaokovuma, feni ikapata hewa iliyovurugika. Ndiyo sababu kwa injini kadhaa rubani huelekezwa, upepo wa pembeni ukiwa mkali, asiweke nguvu kamili ndege ikiwa imesimama, bali aanze kusogea kwanza.

Hesabu ya mwisho ya kufanya kwa kimo hicho ni ya injini moja kuzimika mara ndege inapoinuka. Daftari la msukumo la injini iliyozimika hufungwa siku hiyohiyo, na kila kilichokuwa ndani yake huhamia daftari la ukinzani: hewa inayopita ikiizungusha feni bila kupewa nishati, inayotoka nyuma ikiwa na momenta pungufu ya iliyoingia nayo, na hewa inayomwagika, ambayo sasa ni nyingi kiasi kwamba huweza kushindwa kuufuata uviringo wa ukingo na kubanduka juu ya naseli. Ongeza ukinzani wa usukani wa mkiani unaoizuia ndege isigeuke kuelekea upande uliokufa. Kisha ndipo uchukue zile kilonyutoni 65 za injini moja iliyobaki, utoe makato yake ya bawani, na uangalie kama ziada inatosha kuipandisha ndege kwa mteremko unaotakiwa juu ya vilima vinavyouzunguka mji.